Sumukuvu, magugumaji na mpaka: Shahada ya masomo mawili inayomhusu mfanyabiashara

NAGURU, Kampala

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia forodha ya nchi hiyo barua fupi. Mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingie tena, kwa sababu vipimo vilionyesha sumukuvu kupita kiwango kinachokubalika. Malori yakakwama mipakani. Siku chache baadaye katazo lililegezwa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, maghala yake yajulikane, na shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wapo waliosema ni siasa za soko. Iwe siasa au isiwe, anayefika mpakani na mahindi leo bila karatasi ya maabara anajua kitakachomkuta. Mwaka 2023 malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiliwa tena, safari hii upande wa Sudan Kusini, kwa sababu hiyo hiyo.

Hesabu ya 10 kwa bilioni hupimwa na mtu aliyesoma biolojia na kemia yake. Swali la kwa nini kuvu limeota kwenye gunia hili na si lile, msimu huu na si uliopita, linamhitaji mtu aliyesoma mazingira: mvua, joto, udongo, ghala. Masomo hayo mawili yakiunganishwa katika shahada moja ya kwanza humpa kijana jicho ambalo biashara ya kuvuka mipaka inalihitaji. Ndiyo maana uamuzi wa mtoto aliyemaliza kidato cha sita kuhusu nini cha kuandika kwenye fomu ya chuo unaigusa hata meza ya mama anayeuza nafaka.

Mlima wenye majirani wengi

Naguru ni mahali pazuri pa kuliangalia jambo hili. Kilima hiki cha tarafa ya Nakawa kina nyumba za matajiri juu na mabanda ya watu wa kipato kidogo chini. Kina makao makuu ya polisi na hospitali iliyojengwa kwa msaada wa China. Teremka kidogo, unafika Nakawa, penye soko kubwa la vyakula na jengo refu la Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ambalo kila mwenye mzigo wa kulipia ushuru analijua. Endelea na barabara ya Jinja kuelekea mashariki, utalikuta Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, huko Bweyogerere. Barabara hiyo hiyo ndiyo iendayo Busia na Malaba.

Jirani na Naguru, katika kilima cha Kyambogo, kuna ofisi mbili ambazo mzazi anapaswa kuzifahamu kama anavyofahamu ofisi za forodha. Moja ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, NCHE, linaloidhinisha kozi za vyuo. Nyingine ni Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, IUCEA, taasisi ya Jumuiya yenye kazi ya kuzifanya shahada za Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Bujumbura zielewane. Zote mbili ziko barabara ya Kigobe.

Kilima chenyewe nacho ni darasa. Julai 2011 nyumba za serikali za Naguru na Nakawa, zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, zilibomolewa ili kupisha mji mpya kwenye eneo la ekari zipatazo 160. Mji ulichelewa. Sehemu kubwa ya ardhi ikabaki wazi, majani na vichaka vikaota palipokuwa na vyumba. Kwa waliohamishwa hayo yalikuwa maumivu, na kwa wapangaji wa mji yalikuwa ugomvi wa mikataba. Mwanafunzi wa biolojia angeona pale somo la namna mimea inavyorudi hatua kwa hatua kwenye ardhi iliyovurugwa. Mwanafunzi wa mazingira angeuliza maji ya mvua yalikwenda wapi baada ya nyumba kuondoka, na yatakwenda wapi zege likimwagwa tena. Aliyesoma yote mawili hawezi kuuliza swali moja akaliacha jingine.

Gunia moja, masomo mawili

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa aina iitwayo Aspergillus flavus. Sayansi iliijua kwa hasara. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu ambayo hadi wakati huo haikuwa na jina. Afrika Mashariki ililipa bei kubwa zaidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, sumu hii huharibu ini na inajulikana kusababisha saratani. Kuyaosha mahindi au kupika ugali wake hakuiondoi.

Upande wa biolojia hueleza kiumbe chenyewe: kuvu huyu huishi kwenye udongo, huingia kwenye gunzi lililotobolewa na wadudu, hupenda joto, na huzaa sumu zaidi mmea ukiwa umechoshwa na ukame. Upande wa mazingira hueleza yaliyokizunguka: mvua zilizokuja wakati wa kuvuna, mahindi yaliyoanikwa chini badala ya juu ya turubai, ghala lisilopitisha hewa, lori lililolala siku tatu chini ya jua likiwa limefunikwa.

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi makavu yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mfanyabiashara anajua kwa nini sharti hilo ni gumu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 likikaushwa hadi 13.5 hubaki karibu kilo 95. Kwa lori la tani 30, hiyo ni zaidi ya tani moja na nusu inayopotea hewani, na wanunuzi wengi hulipa kwa uzito. Kishawishi cha kuuza mabichi hakitokani na ujinga. Kimo ndani ya hesabu.

Kuna hesabu ya pili. Sehemu 10 kwa bilioni, katika lori hilo hilo la tani 30, ni sumu isiyofika theluthi moja ya gramu, kama chumvi inayobanwa kwa vidole viwili. Tena haijasambaa sawasawa. Magunia mengi yanaweza kuwa safi na machache yakabeba karibu sumu yote. Ndiyo maana mahindi yale yale huweza kupita kwenye kipimo cha Kampala na kuanguka kwenye kipimo cha Busia bila mtu yeyote kudanganya: sampuli zilichotwa mahali tofauti. Kujua uchote magunia mangapi, kutoka kona zipi za lori, na uyachanganye vipi kabla ya kupima, ni somo la takwimu ambalo wanafunzi wengi wa sayansi hulikimbia. Mfanyabiashara mwenye mtoto aliyelielewa anaweza kuuliza swali sahihi mpakani badala ya kubishana.

Suluhisho nalo lina pande mbili. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, walitengeneza Aflasafe. Ni kuvu wa jamii ile ile, lakini asiyetoa sumu, anayemwagwa shambani ili amnyime nafasi yule mwenye sumu. Kenya na Tanzania zimesajili aina zake. Kumtambua kuvu asiye na sumu kulikuwa kazi ya biolojia. Kujua amwagwe lini, kwenye udongo gani na kabla ya mvua ipi, hapo mazingira yanaingia.

Ziwa lililofunga bandari

Wafanyabiashara wenye umri wa kutosha wanakumbuka miaka ya 1990, magugumaji yalipolifunika Ziwa Victoria. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, na ulianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Haukuchukua muda kuziba Port Bell, bandari ya Kampala iliyoko Luzira, na ghuba ya Kisumu pia. Meli zilishindwa kutia nanga, mitumbwi ilikwama, samaki wakaoza kabla ya kufika sokoni.

Mashine za kukata zilisaidia, lakini mmea uliota haraka kuliko zilivyokata. Kuanzia mwaka 1995 Uganda iliachia ziwani mbawakawa wadogo wa jamii ya Neochetina, ambao chakula chao ni magugumaji. Kenya na Tanzania zikafuata. Kufikia mwishoni mwa muongo huo eneo lililofunikwa lilikuwa limepungua sana. Wanasayansi bado wanabishana ni sifa ngapi wapewe wadudu na ngapi zipewe mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyoyavunja na kuyasukuma magugu.

Ubishi huo una maana kwa mwanafunzi. Aliyesoma biolojia peke yake angesema wadudu wametosha. Aliyesoma mazingira angeongeza kwamba magugu yalinenepeshwa na maji machafu na mbolea inayotiririka kutoka mijini na mashambani, na kwamba mradi chakula hicho kinaendelea kumiminika, mmea utarudi. Ulirudi kweli, hasa upande wa Kisumu, zaidi ya mara moja.

Samaki wenyewe ni somo jingine. Sangara, anayeitwa mbuta Kenya na mputa Uganda, aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Akawa biashara ya kuuza nje, na pia akachangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya wavuvi kutumia viuatilifu, na Uganda ilifunguliwa tena mwaka 2000 baada ya kujenga mfumo wa ukaguzi na maabara unaoaminika. Leo sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, ili apate nafasi ya kukua na kuzaa. Anayenunua wachanga kwa bei ya chini analipia kwa njia mbili: hatari ya kukamatwa sasa, na ziwa tupu kesho.

Bei ya kinamasi

Chini ya Naguru, ng'ambo ya barabara ya Jinja, kati ya Kyambogo, Banda na Mbuya, kuna kinamasi cha Kinawataka. Viwanda, maegesho ya malori na nyumba vimekila kipande kwa kipande. Maji yake huishia katika ghuba ya Murchison, ghuba ile ile yenye Port Bell na mitambo ya Ggaba inayovuta maji ya kunywa ya Kampala.

Kwa mwenye kutafuta uwanja wa kuegesha lori, kinamasi ni ardhi ya bure iliyolowa. Mwaka 1999 wataalamu walikipigia hesabu kinamasi cha jirani, Nakivubo, ambacho hupokea maji machafu ya katikati ya mji. Walikuta kwamba kazi yake ya kuchuja uchafu kabla haujafika ziwani ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Kuendesha mtambo wa kufanya kazi hiyo hiyo kungegharimu takriban dola milioni 2 kila mwaka. Mafunjo yalikuwa yakiifanya bila mshahara.

Namna hiyo ya kufikiri ndiyo inayofundishwa pale masomo mawili yanapokutana. Biolojia inajua kwa nini mzizi wa funjo hunyonya uchafu. Sayansi ya mazingira inajua kupima ni maji kiasi gani, uchafu kiasi gani, na sheria inasemaje kwa anayemwaga kifusi. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, tangu 1995, na sheria mpya ya mazingira ya mwaka 2019. Anayejenga ghala, kiwanda cha kusaga au machinjio anaweza kutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo huandikwa na wataalamu waliosajiliwa. Wafanyabiashara wengi hukutana na somo hili mara ya kwanza wakati ujenzi umesimamishwa.

Anasoma nini hasa?

Masomo makuu mawili katika shahada ya kwanza hayampi mtu shahada mbili. Ni shahada moja ambayo mwanafunzi ametimiza mahitaji ya fani mbili. Tofauti hiyo inafaa kueleweka mapema, kwa sababu wazazi wengine hudhani mtoto atarudi na vyeti viwili.

Kwa upande wa biolojia atakutana na chembe hai, urithi, vijidudu, mimea, wanyama na ikolojia. Kwa upande wa mazingira atakutana na udongo, maji, hali ya hewa, uchafuzi, ramani za kompyuta, sheria na tathmini za miradi. Ikolojia, kemia na takwimu hukaa katikati na kuhesabika pande zote, na hapo ndipo masomo mawili yanapowezekana bila kuongeza miaka mingi. Mzigo hata hivyo ni mzito. Mchana wa maabara hukaa siku ile ile yenye safari ya kwenda kupima maji, na ripoti mbili hudaiwa wiki moja. Kuna koti la maabara, buti, kompyuta na nauli za safari za mafunzo, vitu ambavyo havionekani kwenye karatasi ya ada.

Nchini Uganda, njia ya kufika huko huanzia kidato cha tano. Mwanafunzi huchagua masomo makuu matatu ya kufanyia mtihani wa UACE, na daraja A katika somo kuu huwa na pointi 6. Biolojia, kemia na jiografia ni mchanganyiko unaofaa. Biolojia, kemia na hisabati hufungua milango zaidi. Aliyeacha kemia akiwa kidato cha nne amejifungia mlango mapema, na wengi hugundua hivyo wakati fomu za chuo zimeshatoka.

Mzazi asitegemee kuikuta kozi hii kwa jina moja kwenye kila fomu. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922, idara za mimea na wanyama ziko katika Chuo cha Sayansi Asilia, na fani ya mazingira iko katika Chuo cha Sayansi za Kilimo na Mazingira. Kila kimoja kina uongozi wake na ratiba zake. Anayetaka vyote viwili huchukua shahada ya sayansi na kuchagua masomo yanayokaribia mazingira, au huchukua shahada ya mazingira na kujaza nafasi za hiari kwa biolojia, au husoma fani moja kwanza na nyingine katika shahada ya pili. Makerere pia ina kituo cha mafunzo ya nje huko Kanyawara, katika msitu wa Kibale, ambako watafiti wa dunia nzima huja kusoma nyani na miti. Kwa mtoto aliyekulia katika vumbi la Nakawa, wiki mbili pale zinaweza kuamua maisha yake.

Vyuo vingine viko karibu zaidi na mpaka. Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko wilaya ya Busia, kwenye barabara kuu ambayo malori ya Malaba hupita kila saa.

Mshika mawili

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na hoja hiyo ina uzito. Mwajiri anayetafuta mtu wa maabara anataka mikono iliyozoea maabara. Mwajiri anayetafuta mtaalamu wa tathmini ya mazingira anataka aliyesoma sheria na ramani kwa kina. Aliyegawa muda wake kati ya mawili anaweza kupitwa kote kuwili.

Kazi zenyewe si tele. NEMA, Mamlaka ya Wanyamapori, Mamlaka ya Misitu, UNBS, taasisi za utafiti wa samaki na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria huko Jinja huajiri wachache kwa wakati. Wahitimu wengi huanza kwa kujitolea, na wengine huacha fani kabisa.

Kwa upande mwingine, ualimu wa sayansi umepata thamani mpya. Kuanzia Julai 2022 serikali ya Uganda ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, na biolojia imo. Mwenye shahada ya sayansi tupu hutakiwa kuongeza mafunzo ya ualimu kwanza, lakini mlango upo. Sekta binafsi nayo inabadilika polepole. Wanunuzi wakubwa wa nafaka, wasafirishaji wa matunda na viwanda vya samaki wanahitaji watu wa ubora wanaojua kusoma karatasi ya maabara na kujua pia shambani kulitokea nini.

Kwa familia ya biashara kuna hesabu ya tatu, ambayo ofisi za ajira haziioni. Mtoto huyo anaweza kurudi kwenye biashara ya nyumbani. Ghala lenye kipima unyevu, turubai, sampuli zilizochotwa vizuri na kumbukumbu za kila shehena lina bei tofauti na ghala la kubahatisha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 humpunguzia mfanyabiashara mdogo makaratasi ya asili ya bidhaa. Haumwondolei masharti ya afya ya mimea wala ya usalama wa chakula. Hapo ndipo wengi hushikwa, tena wanawake wenye magunia machache ndio wanaoumia zaidi, maana mtaji wao wote uko kwenye pikipiki moja.

Mtu anayedhani mambo haya ni ya mahindi tu akumbuke mwaka 2020, madereva walipolala kwa siku nyingi Malaba na Busia wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Akumbuke mifuko ya plastiki, kaveera kama wanavyoiita Kampala: Rwanda ilikataza mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na bidhaa zilizofungwa kwa mfuko halali upande mmoja zikawa kosa upande wa pili. Sheria hizo zote zilianzia kwenye ripoti ya mtu wa biolojia au wa mazingira kabla hazijafika mikononi mwa afisa wa mpakani.

Nani analipa, na cheti kinafika wapi?

Tangu mwaka wa masomo wa 2005/06 serikali ya Uganda ilielekeza asilimia 75 ya nafasi zake za ufadhili kwenye masomo ya sayansi. Mwaka 2014 ilianza mikopo ya wanafunzi kupitia bodi yake ya ufadhili wa elimu ya juu, na fani za sayansi zikapewa kipaumbele. Kenya ina HELB, Tanzania ina Bodi ya Mikopo. Mikopo hii hufuata uraia. Mtoto wa Mkenya anayeishi Naguru hawezi kutegemea bodi ya Uganda, hata kama amezaliwa na kusomea Kampala, kama hana uraia. Familia za mpakani hukwama hapa mara nyingi kuliko zinavyotarajia.

Kuhusu cheti, Jumuiya ina mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu tangu 2015, na Mei 20, 2017, wakuu wa nchi waliitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Lengo ni kwamba muhula uliosomwa Kampala uhesabike Dodoma, na shahada ya Eldoret isomeke Kigali. Kwenye karatasi, mambo yamesonga. Kwenye dirisha la msajili, bado mwanafunzi anayehama anaweza kuambiwa arudie masomo aliyokwisha kufaulu, na vyuo havikubaliani kuhusu ada ya mwanafunzi wa nchi mwanachama. Mahindi yalipata kiwango kimoja cha Afrika Mashariki, na bado hukwama. Shahada nazo ziko katika safari hiyo hiyo.

Kwa hiyo mzazi afanye kama anavyofanya kabla ya kupakia lori, yaani kuuliza kwanza. Je, kozi hii imeidhinishwa na NCHE, na idhini yake haijaisha muda? Orodha iko wazi kwa umma. Je, nakala ya matokeo itaonyesha fani zote mbili, au moja itafichwa kama masomo ya ziada? Je, maabara zipo, na mwanafunzi hushika vifaa mwenyewe au humtazama mwalimu? Je, kuna mafunzo kazini, na yanaweza kufanyika mpakani, UNBS au kwenye ghala la nafaka? Je, ada ya raia wa nchi jirani ni ya mwenyeji au ya mgeni? Je, takwimu zinafundishwa kwa data halisi?

Kijana naye aulizwe swali moja kabla ya ada ya kwanza kulipwa: anapenda kuvijua viumbe, au anapenda kujua mahali vinapoishi? Akijibu kwamba hawezi kuvitenganisha, huyo anafaa kusoma vyote viwili. Akisita, achague kimoja akisome vizuri, kwa sababu miaka mitatu ya ada ni mtaji, na mfanyabiashara hapeleki mtaji sokoni kabla ya kujua anakwenda kununua nini.